Ufa Uliofika Jichoni

Baba alikuwa fundi saa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sarafu zenye kasoro. Kando ya kitanda chake zilipangwa sarafu za zamani, zote zimepigwa kwa muhuri mmoja wa chuma uliokuwa ukipasuka. Kwenye ya kwanza ufa uligusa mkia wa ndege aliyechongwa juu yake. Kwenye zilizofuata ulipanda bawa, kisha shingo. Ile ambayo ufa ulifika jichoni hakuwahi kuipata.

"Muhuri ukipasuka, madini ya sarafu hujaa kwenye ule ufa," alinifundisha tangu utotoni. "Kwa hiyo mstari huinuka. Mkwaruzo huzama. Usiibembeleze sarafu, mwanangu. Iulize tu."

Sasa maradhi yalikuwa yamemla macho, na vidole vimekufa ganzi.

Siku hiyo mama aliingia akihema. "Mzee wangu, nimeipata! Ile ya jicho."

"Wewe? Usiyejua kutofautisha sarafu na kifungo cha shati?"

"Vifungo vyako nani anavishona?"

Baba alicheka hadi akakohoa. "Haya, mwanangu, iangalie."

Niliipeleka dirishani, nikaweka kioo cha kukuzia. Mstari ulitoka shingoni hadi jichoni, pale pale baba alipopataja miaka yote. Ulikuwa umezama. Kingo zake ziling'aa, mbichi. Nilimtazama mama, alikuwa akificha kidole gumba kilichofungwa kitambaa.

"Mstari umeinuka au umezama?" baba aliuliza.

Sikuwahi kumdanganya baba kuhusu sarafu, wala kumuumbua mama.

"Lete basi." Aliipitisha taratibu kwenye mdomo wake wa chini, mahali pekee palipobaki na hisia. Akarudia. Mama alishika ukingo wa kitanda.

"Umeinuka," baba alisema. "Umeinuka kama mshono, mke wangu."

Mama alijifuta uso kwa mtandio, akakimbilia jikoni kumtengenezea chai.

"Iweke mwisho wa safu," baba aliniambia. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na hicho kioo kirudishe kwenye kifuko chake."

Hakumaliza mwezi.

Baada ya mazishi nilimkuta mama ameketi kwenye kitanda kitupu, sarafu ile ameiweka kwenye mdomo wa chini kama alivyofanya baba. Aliisogeza kidogo, akaikomesha hapo hapo kwenye mfereji alioukwangua kwa sindano.

"Kumbe unasikika umezama," alisema.

Nikaketi kando yake.

"Unasikika, mama."

Akaifumbata, ili asilie kwa sauti.