Baada ya Udi

Goti la kushoto la Khattab liligoma huko Haima, katikati ya jangwa la Omani, alipokuwa akiteremka kutoka juu ya shehena ya saruji. Halikuvunjika wala halikuteguka, lilikataa tu. Ghassan, dereva wa lori, alimshika mkono akamketisha mbele, na njia nzima mpaka Maskati hakumtania hata kidogo. Hapo ndipo Khattab alipojua kuwa amezeeka.

Alianza kudandia akiwa na miaka kumi na sita, Tabora alikozaliwa, juu ya mabehewa ya mizigo ya kwenda Kigoma. Wazee wake walipomleta Omani hakukuta reli, akahamia kwenye malori. Hufunga kamba, huvuta turubai, humpigia dereva soga asisinzie, na ujira wake ni safari. Mke hakukaa, kazi haikukaa, na yeye mwenyewe hakukaa. Siku hizi anasikia reli inajengwa upande wa Sohari. Wajenge tu, wamechelewa miaka arobaini.

Mara moja kwa mwaka huja Bawshar, mtaa wa Maskati, kwa Mahfudha, dada yake mdogo, mjane anayeishi peke yake. Hupewa chumba cha mbele na samaki wa kukaanga, nguo zake hufuliwa. Siku ya tatu, baada ya alasiri, Mahfudha huleta kahawa na tende, kisha chetezo cha udi. Na Omani nzima inajua kuwa mgeni akishafukizwa udi ndiyo ameagwa. Khattab hufukiza ndevu na kanzu, akachukua mkoba akatoka. Miaka kumi na tisa hakuwahi kulalamika. Alijiambia dada ana heshima zake, na ndugu anayenuka dizeli ni wa siku tatu. Lakini iliuma, tena sana.

Safari hii alitaka kubaki. Siku mbili alizunguka na maneno mdomoni. Alisifu samaki, akasifu godoro, akalitaja goti mara nne. Mahfudha alimkanda kwa mafuta ya habasoda, kisha akarudi jikoni. Mtu mzima kuomba pa kukaa kwa mdogo wake, Khattab aliona afadhali jangwa.

Siku ya tatu Ghassan akapiga simu kwamba lori linapakia, litaondoka baada ya magharibi. Kahawa ikanywewa. Kisha Mahfudha akatoka jikoni na chetezo, moshi mbele, yeye nyuma.

Kwa mazoea, mkono wa Khattab ulishafika kwenye mkoba. Goti likagoma, au pengine aliyegoma ni mwenye goti.

"Mahfudha," alisema, "nimechoka. Kila mwaka unanifukuza kwa udi, nami nakwenda. Leo siwezi."

Mahfudha alimkazia macho kana kwamba kamtukania mama yao.

"Nani anakufukuza, kaka? Mara ya kwanza uliyokuja uliondoka siku ya tatu bila kuaga, unanuka dizeli vilevile. Nililia wiki nzima. Nikasema, kama kwenda ni lazima, basi uende unanukia kama mtu mwenye kwao."

Wakatazamana, watu wawili wenye mvi. Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeuliza. Hasira zilimpanda Khattab, asijue amkasirikie nani, kisha hata hasira zikamchosha.

Mahfudha akageuka kwenda kuumwagia mkaa maji. Khattab akamzuia. Miaka yote hiyo udi aliondoka nao nguoni, na kabla ya kufika mji wa Adam, jangwa linapoanzia, dizeli ilishaumaliza. Hakuwahi kuketi humu ndani moshi ukatulia kwenye mapazia.

"Kiweke hapo chini," alisema. "Nataka kujua nyumba yako inanukiaje nisipoondoka."

Simu ikalia tena, Ghassan. Mahfudha ndiye aliyeipokea, akamwambia dereva aende peke yake.