Stempu ya Meli Mbili

Kona ya juu ya bahasha ilikuwa na pengo jeupe, na pengo hilo ndilo lililotaka kummezea Wakio shamba la Mghange.

"Barua haina tarehe, stempu haipo," alisema Nicholas, binamu yake, ameegemea kiti kana kwamba ofisi ya chifu ni sebule yake. "Mimi nina karatasi. Donald aliniuzia, akatia sahihi mbele yangu hapa hapa Mghange, tarehe kumi na nne Machi, tisini na nane. Marehemu habishi, dada."

Wakio, fundi wa nguo wa Voi, aliivuta bahasha karibu. Donald alikuwa kaka yake, mpishi wa meli. Barua hiyo, iliyosema "shamba nakuachia wewe," aliituma kutoka ng'ambo Machi ileile. Lakini muhuri wa posta ulikuwa umekatika: nusu duara kwenye bahasha, na nusu yenye tarehe iliondoka na stempu.

Aliyeibandua ni Wakio mwenyewe, kwa mvuke wa birika. Enzi hizo kanisa lilikusanya stempu zilizotumika, zipelekwe misheni. Kisha akaiona picha yake: meli mbili za mwaka 1782 zikipigana mizinga, moja mlingoti umevunjika, bahari moshi mtupu. Akashindwa kuipeleka kanisani.

Na Chifu Everlyne alikuwa mzee wa kanisa hilohilo.

"Chifu," alisema Wakio, "nina mali ya kanisa." Akafungua kitabu chake cha nyimbo, akaitoa stempu.

Nicholas akachungulia, akaangua kicheko. "1782! Kumbe Donald alikuwa rika la Nuhu!"

Chifu hakucheka. Aliisukuma stempu kwa ncha ya kalamu, polepole, hadi penye pengo. Upepo wa dirishani ukaiinua. Wakio akapiga kelele. Chifu akaifunika kwa kiganja.

Alipoinua mkono, wino ulikatiza matanga, ukashuka baharini, ukaungana na nusu duara kwenye bahasha. Duara zima.

"Kumi na nne Machi," chifu alisoma. "Tisini na nane."

Nicholas aliinama kuikagua bahasha.

"Sema basi, Niko," Wakio alisema. "Asubuhi yuko posta ng'ambo, mchana yuko Mghange anakutilia sahihi. Alirudi na meli ipi? Hii nzima, au hii iliyovunjika mlingoti?"

Chifu aliisukuma karatasi ya Nicholas kando.

"Kesi ya shamba imekwisha," alisema, akimtazama Wakio juu ya miwani. "Sasa, mama, tuje kwa ile ya stempu."