Vidole Vyeupe vya Ingo Wrobel

Mgodini kwao Herne, mji wa makaa huko Ujerumani, kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote na hakuna aliyethubutu kuivunja: ukitoka shimoni hujisugui mgongo mwenyewe. Unamsugua mwenzako, naye anakusugua. Huchagui mtu. Aliyesimama karibu nawe chini ya maji ndiye huyo huyo, hata kama asubuhi mlitukaniana mama. Wanaume mia mbili uchi wa mnyama, weusi tititi kwa vumbi la makaa, wanapeana migongo, huku nguo zao za nyumbani zikining'inia juu darini kwenye minyororo, kila mtu na ndoano yake.

Ijumaa moja ya Februari mwaka 1985 ilikuwa zamu ya Ingo Wrobel kumsugua Mzee Piontek, na brashi ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena. Mara ya tatu Piontek aligeuka, akaukamata ule mkono wa kushoto na kuutazama. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe pee, kuanzia nchani hadi kwenye kifundo cha pili, na maji yenyewe yalikuwa ya moto ya kubabua.

Aliulizwa tangu lini, akajibu tangu Krismasi, eti ni baridi tu. Piontek hakuwa mtu wa kudanganywa. Alikuwa amefanya kazi na baba yake Ingo mpaka mapafu ya huyo baba yalipogoma, na alikwisha kuwaona watu wa nyundo ya upepo, ile ya kubomolea makaa, aliyoishika Ingo. Unaishika miaka sita, inakutetemesha kutwa, mwisho damu inasahau njia ya kwenda vidoleni. Akamwambia Jumatatu aende kwa daktari wa mgodi. Ugonjwa huo una karatasi yake. Ukiandikiwa, unatolewa kwenye nyundo, unapewa kazi ya juu ya ardhi, na mgodi unakutunza maisha yako yote.

"Jumatatu siwezi, mzee," Ingo akasema. "Jumatatu naingia studio."

"Na hivyo vidole vikishakufa, ngoma utapiga kwa meno?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na Ingo akacheka nao. Alikuwa anaogopa, lakini pale hakuna mtu anayeonyesha woga akiwa uchi.

Mwenye akili zake angekwenda kwa daktari, hilo halina mjadala. Lakini Ingo alikuwa na miaka ishirini na mitatu na haja moja tu duniani, kutoka shimoni. Tena si kutolewa kwa karatasi, akafagie karakana pamoja na wazee wanaokohoa. Alitaka kutoka kwa nguvu ya ngoma zake, kichwa juu, mtaa mzima ukiona.

Bendi yao iliitwa Grubenbrand, yaani moto unaowaka mgodini, na walikuwa watatu waliosoma shule moja: Ingo kwenye ngoma, Heiko Stratmann kwenye gitaa, na Raimund aliyeshika besi na kupiga mayowe. Miaka minne nyuma walikuwa wamekodi chumba ndani ya handaki la zege lililobaki tangu vita, kuta nene kiasi kwamba hata ungechinja ng'ombe humo jirani asingesikia. Walianza kwa kuwaiga Waingereza wa majaketi ya ngozi na misumari, na waliwaiga vibaya. Kisha Heiko akaenda Düsseldorf kutazama wahuni fulani wa nywele za rangi ambao nyimbo zao zilikwisha kabla hujamaliza sigara. Akarudi macho yamemtoka. Akasema wao watachukua magitaa ya Waingereza na haraka ya wale wahuni, na huo ndio utakuwa muziki wao, metali ya mbio, yaani roki nzito inayokimbia.

Kila mji wa bonde lile la migodi ulikuwa na vijana wa namna hiyo, kila kundi likiapa kwamba hakuna wenye kasi kuliko wao katika Ujerumani nzima. Heiko hakutaka kuapa, alitaka kupima. Akatundika saa ya kupimia mbio ukutani, na kila Alhamisi walipiga wimbo mmoja uleule, "Zamu ya Mwisho", na muda ukaandikwa kwa chaki kwenye zege. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Tatu na hamsini na nane. Tatu na arobaini. Jamani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama ule wimbo unapendeza. Walichouliza ni sekunde ngapi zimekatwa. Walipofika tatu na ishirini na moja walirekodi kanda, wakaituma kwa kampuni ndogo ya santuri, na bosi wa kampuni akajibu kwa barua: siku sita za studio huko Dortmund, na kasi ile ile, ikiwezekana na zaidi.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda. Siku ya tatu ukafika wimbo wenyewe na mkono wa kushoto ukakataa. Ingo alijaribu mara kumi na moja. Aliloweka mkono kwenye maji ya moto, akaubana kwapani, akaufukia ndani ya chipsi za Raimund zilizokuwa bado zinafuka moshi. Mara ya kumi na mbili kijiti kiliruka kikagonga kioo cha chumba cha fundi, na Ingo akabaki ameketi pale anatazama vidole vyake kwa chuki, kama vile ni vya mtu mwingine.

Fundi wa sauti aliitwa Manfred, mtu mzima aliyezoea kurekodi akordioni za harusini, na hakuwa na haraka na mtu. Akaja akakaa kwenye spika. Akaeleza kwamba iko njia. Utepe unaendeshwa polepole, Ingo anapiga polepole, kisha utepe unarudishwa kwenye mwendo wake na ngoma zinakimbia zenyewe. Magitaa yatawekwa juu yake baadaye. Mpaka dunia inakwisha hakuna atakayejua.

Ingo alidhani Heiko atakasirika. Heiko aliuma kucha kidogo, kisha akauliza swali moja tu.

"Zinaweza kukimbia mpaka wapi?"

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, mimi nasema, si kwenye vidole. Wangeweza kuishia tatu na ishirini na moja, kiasi ambacho Ingo aliwahi kukipiga kwa mikono yake. Wakaenda mpaka mbili na hamsini na nane. Ingo aliona aibu masikio yakawaka moto, lakini hakusema hapana. Alipiga kwa mwendo wa watu wanaofuata jeneza. Manfred alipourudisha utepe, Ingo akasikia mtu anayepiga ngoma kama yeye alivyotamani kupiga tangu utotoni, kila pigo mahali pake, bila huruma. Aliipenda ile sauti, hilo ndilo aliloshindwa kujisamehe. Wakala kiapo, yeye na Heiko na Raimund, kwamba siri hiyo haitatoka.

Santuri ilitoka mwezi Mei. Nyuma ya jalada, chini kabisa, palichapwa: Ingo Wrobel, ngoma. Mama yake aliisimamisha kabatini karibu na picha ya marehemu mumewe. Gazeti moja la vijana liliuliza kama huyu Wrobel ana mikono miwili kweli au minne. Barua zikaja kutoka Bremen, zikaja hadi kutoka Uswidi. Kisha kampuni ikatangaza safari, maonyesho ishirini Uholanzi na Ubelgiji, kuanzia Septemba, na Ingo akaandika barua ya kuacha kazi.

Piontek alimbembeleza. Piontek, mtu asiyembembeleza hata mkewe, alimfuata mpaka kituo cha basi.

"Acha kazi, sawa, sikuzuii," akamwambia. "Lakini chukua kwanza karatasi ya daktari. Ukitoka bila karatasi, mkono ni wako na shida ni yako."

"Karatasi itasema siwezi kushika kijiti. Wewe ungempeleka Uholanzi mpiga ngoma mwenye karatasi hiyo?"

"Mimi sina bendi, kijana. Mimi nautazama mkono."

Ingo hakuambilika. Siku yake ya mwisho Piontek alimsugua mgongo muda mrefu kuliko kawaida, kisha Ingo akateremsha ndoano yake kutoka darini, akachukua viatu na sabuni, akarudisha taa, akatoka getini. Alikuwa na furaha kweli kweli. Alijua, yaani alijiaminisha, kwamba vidole vikipumzika na ile nyundo vitapona.

Havikupona. Juni yote na Julai yote walikaa mle handakini, na saa ikasema tatu na thelathini, ikasema tatu na arobaini na moja, mpaka Heiko akaacha kuandika. Hawakulizungumza. Walijitia hamnazo wote watatu, kila mmoja akingoja mwenzake awe wa kwanza kusema.

Onyesho la kwanza baada ya santuri lilikuwa Bochum, mwezi Agosti, katika ukumbi wa vijana wa parokia. Walikuja watu mia nne. Wengi walikuwa wameisikiliza santuri hadi wanaijua pumzi kwa pumzi. "Zamu ya Mwisho" ikaanza, na kabla ubeti wa pili haujafika Ingo akaona jambo ambalo bado linamjia akiwa amelala. Watu walikuwa wameitangulia bendi. Walitikisa vichwa kwa mwendo wa santuri, wakaimba kwa mwendo wa santuri, wakaumaliza ubeti, kisha wakasimama kuisubiri bendi ifike. Wale wa mbele wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti kuuliza kama yule wa nyuma ameletewa kitanda. Ingo akaongeza nguvu, na mkono wa kushoto ukafunguka wenyewe, kijiti kikaanguka, akamaliza wimbo kwa mkono mmoja mbele ya watu mia nne.

Kesho yake Heiko alifika nyumbani na pakiti mbili za sigara. Akazungumza sana, akitazama zulia. Ni kwa ajili ya safari tu. Watamtafuta mtu wa muda. Ingo ni ndugu yao daima. Ingo alimwacha amalize. Kumbe hata kabla ya Bochum yeye alikuwa amekwenda mgodini kuomba kurudi, akaambiwa mwaka huu wanapunguza watu, hawaongezi. Na daktari wa mgodi akamwambia kwa upole kwamba yeye anatibu watu wa mgodi. Kwa hiyo hakubishana. Aliomba jambo moja tu, kwamba habari ya utepe isimfikie mtu yeyote, hata huyo atakayekuja. Jina lake libaki kwenye lile jalada kama lilivyo. Ndilo alilobakiwa nalo. Heiko akakubali mara moja, maana ukweli huo ungemzamisha na yeye.

Wakaita wapiga ngoma waje wajaribiwe. Heiko akamwomba Ingo awepo, eti kwa heshima, naye akaja, sijui kwa nini. Labda alitaka kuwaona wakishindwa. Watatu wa kwanza walishindwa. Mmoja alicheka katikati ya wimbo, akasema hakuna binadamu anayeweza kupiga vile, akafunga mfuko wake akaondoka. Ingo alimpenda sana mtu yule.

Wa nne aliitwa Thilo Brüggemann, miaka kumi na minane, mwembamba, mwenye chunusi, ametoka kijiji cha Sauerland kwa treni mbili. Aliuliza tu kama anaweza kusogeza kiti. Akahesabu nne, akaanza, na Raimund karibu adondoshe besi. Alikuwa anaupiga. Anaupiga wote, kwa mwendo wa santuri, kila pigo mahali pake. Ingo alivikazia macho vipisi vya sigara sakafuni mpaka wimbo ukaisha, kwa sababu asingeweza kutazama.

Heiko alikuwa tayari anafungua bia. Thilo hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja alipoketi Ingo, akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bwana Wrobel, samahani. Nilichukua miezi mitatu. Kila siku baada ya shule, kwa muda wa saa sita. Mwalimu wangu aliniambia niache, haiwezekani, santuri wameichezea. Nikamwambia yeye ni mwongo, Wrobel anaupiga."

Ingo akasema amefanya vizuri.

"Kuna kitu nataka kukuuliza, wewe tu ndiye utajua." Akatoa mikono. Viganja vilikuwa vimefungwa plasta, na kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa. "Huu unauma muda wote sasa. Na asubuhi vidole hivi viwili vinakufa ganzi, mpaka saa nne hivi. Daktari wa kwetu anasema nisiguse vijiti mwaka mzima, la sivyo nitaharibikiwa. Lakini nikawaza, lazima na wewe ulipitia hapa. Si ulipitia? Vinapona?"

Kando, Heiko alishika chupa bila kunywa. Ingo alijua kabisa aseme nini. Yalikuwa maneno machache, na yule kijana angerudi kwao Sauerland na mikono yake, akilia labda, lakini akiwa nayo mizima. Na kufikia Jumapili Herne nzima ingejua kwamba Ingo Wrobel hakuwahi kuupiga ule wimbo. Thilo alimtazama kwa macho ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama nayo, si mgodini wala Bochum.

"Vinapona," Ingo akamwambia. "Endelea tu kupiga."

Thilo akashukuru, akarudi kitini, akafungua na kufunga vidole mara mbili tatu, na Heiko akasema waurudie toka mwanzo.