Sindano Chafu

Mwalimu Gathogo wa Gatitu alikuwa mgonjwa wa santuri. Si za watu maarufu, hapana. Alitaka zile za vijana wa miaka ya sitini waliojifundisha magitaa ya umeme nyuma ya duka, wakarekodi wimbo mmoja wa kelele na kupotea. Moja kama hiyo aligundua iko Chaka, kwa bibi kizee mmoja, Cucu Ngendo. Mwimbaji alikuwa marehemu mumewe.

Gathogo alikwenda na gramafoni ndogo, na mfukoni sindano mbili: safi ya kwake, na nyingine iliyojaa uchafu, ya kuwahadaa wenye santuri. Mbele ya Cucu alitumia ile chafu. Santuri ikakoroma tu kama chura.

"Imekufa, Cucu," alisema kwa macho makavu.

"Basi chukua, Mwalimu. Hapa itakaliwa na kuku."

Jumamosi iliyofuata aliipiga nyumbani kwake kwa sindano safi, dirisha wazi, sauti juu. Gitaa likanguruma, kijana akapaza sauti, na Gathogo akacheza peke yake sebuleni kama mwehu. Wimbo ulipokwisha aligeuka. Cucu Ngendo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika jalada la santuri ileile. Alikuwa amelipata chini ya godoro, akaona si vizuri abaki nalo.

Gathogo alimsogezea kiti.

Cucu aliketi, akaweka jalada magotini.

"Rudisha mwanzo, Mwalimu," alisema. "Alipoanza kuimba nilikuwa bado kwa geti."