Fundo la Mashoto

...na mlango huu mdogo wa chuma, ambao miaka yote nimeupita bila kuutazama, leo umeachwa wazi kwa ajili yangu peke yangu, meneja ameushika kwa mkono mmoja kama mwenyeji anayemngoja mgeni avue viatu, "Ingia, bwana, unachomwa na jua bure," anasema, na sauti yake ni laini, laini mno, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ndani ya jengo hili, sisi tuliombandika jina la Mkasi kwa kuwa tangu aletwe posta yetu amekata tu, hajashona kitu, alikata muda wa chai, akakata matarishi, njia mbili za barua zikawa mzigo wa mtu mmoja, kisha akakata hata viti... ndiyo, viti, tuliingia asubuhi moja katika chumba cha kupangia barua tukakuta sakafu tupu, eti mtu aliyesimama hupanga upesi kuliko aliyeketi, basi tukasimama, kutwa, mbele ya visanduku vya mitaa, miguu ikivimba ndani ya viatu, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa mke wangu, aliyenyoosha mkono katika mkutano, mkono wake wa kushoto, akauliza kwa adabu zote, "Meneja, tunaomba kujua viti vimekwenda wapi," watu wakacheka, Mkasi naye akacheka, na mwezi haukwisha mke wangu akahamishiwa tawi la mwisho wa barabara, kule ambako lori la posta hufika limebakiwa na vumbi na gunia moja, tawi la watu wawili, yeye na mkuu wake... "Mwenzangu, utaota mizizi hapo," anasema Mama Mizani nyuma yangu, yule mpima vifurushi anayejigamba kwamba humjua mtu uzito kwa kusikia nyayo zake, "mwambie Mkasi, kama anakupenda hivyo, akutolee kiti," na mstari mzima unaangua kicheko, maana mgomo wetu ni wa kuketi, kila mmoja amekuja na kiti chake kutoka nyumbani, vya plastiki, vya jikoni, tarishi mmoja alikuja na sofa kichwani akapigiwa makofi njia nzima, na mimi nimekuja na viwili, changu na chake, kile chenye mguu nilioufunga waya, kila asubuhi naviweka bega kwa bega mbele ya lango kisha naketi kimoja, na kile kingine nakitazama kikipigwa na jua, kitupu, na najua wenzangu wananionea huruma, na huruma yao inanichosha kuliko jua... "Nakusemesha kama ndugu," anaendelea Mkasi, "wewe huna ugomvi na mtu, ugomvi ni wa hao wa chama, ingia ukae kwenye kazi yako, na mimi leo hii natia sahihi mkeo arudi, Ijumaa yuko nyumbani, unanisikia?" namsikia, mbona namsikia, Ijumaa yuko nyumbani, maneno matatu tu, Ijumaa ndara zake zilizopangwa chini ya kitanda zitapata miguu, Ijumaa nitasikia maji yakimwagika bafuni na sitahitaji kuuliza ni nani, na kile kidole gumba chake chenye wino wa muhuri, wino usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia, ambao siku za mwanzo za mapenzi yetu nilikuwa nikiukuta shavuni mwangu nikiwa tayari nimeshapita mtaa mzima nao, watu wakitabasamu, mimi nikidhani ni wema wao tu... laiti ningepita nao leo tena, mtaa mzima, kwenda na kurudi... na binti yetu, aliyeniuliza asubuhi huku nikimfunga vifungo vya sare, "Baba, mkigoma ndiyo mama anarudi?" nikasema ndiyo, kwa wepesi, kama mtu anayejibu saa ngapi, naye akanitazama kwa yale macho ya mama yake yasiyopokea jibu la haraka, akasema, "Basi gomeni sana," akaenda zake shuleni... lakini kumbe kuna njia ya mkato, mwanangu, kumbe si kugoma sana, ni kuvuka tu kizingiti, hatua moja ya mtu mzima, na nyuma yangu kitabaki kicheko cha Mama Mizani kikikatika ghafla, nitakisikia kikikatika, hilo ndilo litakaloniuma... "Na mkeo ana akili kukushinda," Mkasi anashusha sauti, "amerudi kazini tangu juzi, hukujua? Tawi lao limefunguliwa, gunia lao hilo hapo limeingia na lori asubuhi," amerudi, anasema amerudi, na sina namna ya kumuuliza, kwani kule simu inayoshika ni ya ofisini tu nayo imefungiwa ndani tangu mgomo uanze, sijaisikia sauti yake tangu siku ile aliposema, "Tusiulizane kila siku kama bado tupo, tutachoka kabla yao," nami nikacheka, na sasa eti amerudi, pengine alichoka, pengine alikaa peke yake nje ya mlango wa tawi lake, mgomaji mmoja, kiti kimoja, hakuna wa kumtania, nani angemlaumu, si mimi, wallahi si mimi, kama yeye ameingia nami nitaingia, nitamfuata hata humo, na ajabu ni kwamba moyo wangu umepoa na kuumia kwa pamoja, kama kidonda kinachomwagiwa maji... gunia liko pale, nyuma ya bega la Mkasi, limeegemezwa ukutani chini ya saa, kila asubuhi tangu wamhamishe gunia hilo ndilo lililokuwa salamu yangu, wengine hulifunga gunia la barua kama wanamfunga mwizi, fundo juu ya fundo, hata lifunguliwe kwa kisu, yeye hulisokota shingo, huzungusha kamba kwa mkono wake wa kushoto, kinyume cha dunia nzima, kisha huacha kitanzi kidogo, ukikivuta kwa kidole kimoja tu gunia linafunguka lenyewe, "Nawaonea huruma wafunguaji," alikuwa akisema, na mfunguaji nilikuwa mimi, sikumruhusu mtu mwingine, nilivuta taratibu kama mtu anayefungua kifungo cha blauzi, na kamba niliitia mfukoni, hata sasa imo moja, imelainika kwa kushikwashikwa, mgomo ulipoanza sikukosa mshahara kwanza, nilikosa kile kitanzi... Mkasi anasogea kidogo anipishe, jua linaingia pembeni yake, linafika ukutani, na ninaiona shingo ya gunia, kamba imezungushwa kwa mkono wa kulia, mara nyingi, kwa pupa, fundo limerundikwa juu ya fundo na ncha zimeachwa zikining'inia kama masharubu, hakuna kitanzi, natazama tena, hakuna kitanzi, hilo ni fundo la mtu ambaye hakuwahi kufunga gunia tangu apewe cheo, la mkuu wa tawi mwenyewe, akihema, akijikata vidole, akilaani, kwa sababu mfungaji wake hayumo ndani, hayumo, yuko nje, saa hii hii yuko nje, kwenye jua kama hili, ameketi, labda Mkasi anadanganya, labda naye kadanganywa, sina haja ya kujua na wala sitamwambia, hili ni letu, na kile kidonda sasa hakijapoa hata kidogo, kinawaka, kwani Ijumaa itakuja na ndara zitabaki zilivyo, na Ijumaa nyingine labda, na nitamtamani kuliko jana, lakini jana nilimtamani mtu aliye mbali na leo namtamani mtu aliye kando yangu, bega kwa bega, na vidole vyangu, humu mfukoni, vinaizungusha kamba kinyume, vile alivyonifundisha jikoni nikashindwa, akanicheka, vinapinda, vinapenyeza, kitanzi kimekaa... "Haya, bwana, unaingia au mlango nifunge?" anauliza Mkasi, na mkono wake bado umeushika mlango, na jua bado liko kichwani mwangu, na nyuma yangu kuna mtu amefika sasa hivi kuungana nasi, nasikia akivuta kitu juu ya changarawe na kuuliza, "Samahani, kiti hiki kina mtu?" na kabla Mama Mizani hajamjibu nasema mimi, bila kugeuka, kina mwenyewe.