Vibuyu Vilivyokaukia Sebuleni

Kibuyu cha nyumba ya ndege hakitaki haraka. Ukikitoboa kibichi kinaoza, na hakuna ndege atakayekisogelea. Kwa hiyo mke wa Bwana Vibuyu alivianika miezi na miezi juu ya kichanja nyuma ya jiko, akivigeuza kila asubuhi, akivifuta ukungu kwa kitambaa, na kuvitikisa kimoja kimoja sikioni. Mbegu zikicheza ndani, ndipo alipochukua msumeno.

Mumewe ndiye aliyeitwa Bwana Vibuyu. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alikaa sebuleni, akichoka alikaa barazani, na siku ya soko alikaa mbele ya meza akiwaeleza wateja kwamba kilimo hiki kinataka moyo. Alieleza vizuri, tusimnyime haki yake.

Mwaka ule chama cha wakulima wa vibuyu kilitangaza kwamba mkulima bora atapewa shamba kando ya bwawa, kwa jina lake. Mke alilitaka shamba lile mpaka usingizi ukampaa. Alitaka kupanda kitu bila kuomba ruhusa ya mtu aliyelala.

Lakini mvua iligoma kukatika. Kichanja kikahamishiwa sebuleni, juu ya kiti cha Bwana, na vibuyu vikakauka vikisikiliza mazungumzo ya watu.

Alipokata tundu la kwanza, kibuyu kilikohoa vumbi, kikasema kwa sauti ya mumewe, "Kesho, mama watoto. Leo mgongo."

Mke alipiga msasa kingo za tundu, akakiweka kando. Cha pili kilikuwa na sauti yake mwenyewe: "Baba watoto, maua yamefunguka, njoo tuyachavushe kabla hayajajifunga." Kisha sauti ya mumewe: "Tangulia, nakuja." Ukafuata mkoromo, mrefu, mpaka mke akamaliza kukitoboa matundu ya kamba.

Vilinunuliwa kama kawaida. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyerudi kulalamika.

"Dada, hiki chako kinakoroma mchana kutwa. Ndege wangu nao siku hizi wanaamka saa nne."

"Kitie kitambaa, kitatulia."

"Na huyo mzee hajawahi hata kumwagilia? Maana nimesikiliza wiki nzima."

"Hajawahi."

"Makubwa!" alisema fundi, akaomba kingine cha kupeleka kwa mama mkwe wake.

Hapo ndipo mke alipopata wazo. Alichagua vibuyu alivyojua vimekaa karibu kabisa na kiti, akaviacha bila kuvitoboa. Siku ya mashindano akavipanga mezani, na waamuzi walipofika akashika msumeno, akavifungua mbele yao kimoja baada ya kingine.

"Mbolea si umeshaweka?" kibuyu kilisema kwa sauti ya Bwana. "Basi mwenyekiti akiuliza, mwambie nimeweka mimi."

Kingine kikasema, "Hivi shamba letu liko upande gani siku hizi?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Waamuzi waliinamisha masikio, wakarudia kusikiliza, wakaitana. Bwana Vibuyu, aliyekuwa amekaa, alicheka kuwashinda wote, akawauliza waliokuwa karibu kama wameisikia sauti yake ilivyo nzito. Mke alisimama wima, akajifuta vumbi la mbegu usoni. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakuna aliyekuwa hajui nani analima.

Mwenyekiti wa chama alifuta machozi ya kicheko, akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu, tangu nishike uenyekiti sijaona vibuyu wazi namna hii. Vyetu sisi vinanyamaza tu, na nani ajuaye vinaficha nini! Mkulima ambaye vibuyu vyake havijui uongo ni mkulima wa kuigwa. Bwana Vibuyu, njoo uchukue shamba lako."

Watu walipiga makofi. Bwana akaanza safari ya kuinuka kitini.

Mke aliwahi jukwaani kabla yake. Alisema, na alisema kwa sauti. "Mwenyekiti, nimelima mimi. Nimepanda mimi, nimemwagilia mimi, nimekausha mimi. Wote mmesikia."

"Tumesikia, mama," mwenyekiti alimjibu kwa upole, na ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali. "Vimeeleza vizuri sana, wala hatuna shaka hata kidogo. Sasa sogea kidogo, mzee apigwe picha."