Sauti Kutoka Istanbul

Katika duka lililojaa majora ya vitambaa hadi darini, Fatouma aliisogeza simu mdomoni, akacheka peke yake.

"Kaka, ungekuwepo! Mwenye duka hajui Kifaransa, mi sijui Kituruki, tunapatana kwa vidole kama mabubu. Lakini ile lesi ya buluu nimeipata. Si buluu ya anga, ni ya ziwa likitulia baada ya mvua. Maharusi wa Buyenzi wataigombania!"

Akaachia kidole, ujumbe ukaruka kwenda Bujumbura. Nje, Istanbul ilikuwa ikichemka: tramu zikipiga kengele, wachukuzi wakisukuma mikokoteni huku wakipiga kelele za kuomba njia. Muda si mrefu alama mbili chini ya ujumbe ziligeuka buluu. Amesikia, alijiambia, na moyo wake ukatulia.

Safari hii haikuwa yake. Kwa miaka mingi kaka yake Mohamadi, aliyemlea tangu baba yao afariki, aliuza vitambaa vya harusi katika duka dogo la mtaa wa Jabe, Bujumbura, vitambaa alivyovinunua kwa watu waliokwenda Istanbul na kurudi wakisimulia. Alizisikiliza simulizi zao kama mwenye njaa anayenusa chungu cha jirani. Safari yake ilipoiva, figo zikamwangusha. Ndipo akamwita mdogo wake, ambaye hadi siku hiyo kazi yake dukani ilikuwa kukunja vitambaa walivyovikunjua wateja.

"Kaka, mi sijafika hata Kigoma," Fatouma alimwambia.

"Ndiyo maana uende. Miguu yangu imekataa, macho yako bado mapya. We uwe unanisimulia tu."

Basi akawa anamsimulia. Siku za mwanzo Mohamadi alijibu, sauti yake nyembamba kama uzi: usinunue kwa macho, nunua kwa vidole, usione haya kutoka dukani mikono mitupu. Kisha majibu yakakoma. Fatouma alipopiga simu, mama yao, Khadidja, ndiye aliyepokea.

"Amelala, mwanangu. Dawa zinamulaza."

Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na mvumo wa watu wengi.

"Kuna wageni, mama?"

"Wamekuja kumuona."

Mgonjwa huonwa; Fatouma hakuona ajabu. Akaendelea kutuma sauti: habari za shakwe aliyempokonya mtu mkate mkononi, habari za msikiti aliouingia akatoka na shingo inayouma kwa kutazama juu. Kila mara alama ziligeuka buluu. Naye, bila kujua imetokea lini, alijikuta anabishana bei pasipo kutetemeka, anakataa, anaondoka, anaitwa arudi. Kitu kimoja tu alikitamani: kaka yake angemwona.

Katika uwanja wa ndege wa Bujumbura alipokewa na binamu yao Moubarak, fundi magari. Kwa kawaida Moubarak alikuwa redio isiyozimwa. Siku hiyo alipakia mizigo kimya, na badala ya ovaroli lake la mafuta alikuwa amevaa kanzu, ilhali haikuwa Ijumaa.

"Kaka anaendeleaje?"

Moubarak alikaza mikono yote miwili kwenye usukani. "Tufike kwanza, dada."

Walipoingia uani, Fatouma aliona mikeka imekunjwa na kuegemezwa ukutani. Masufuria makubwa ya watu yalikuwa yameoshwa, yanangoja kurudishwa kwa wenyewe. Hakuna aliyekuwa akilia, na hilo ndilo lililomchoma. Msiba ulikuwa umekuja, umekaa, umeliwa chakula chake, umeondoka.

Mama alitoka ndani, akanyoosha mikono. Fatouma akarudi nyuma.

"Lini?"

"Siku ile uliniuliza habari za wageni."

"Mama! Mi nilikuwa nacheka! Nilikuwa namwambia vichekesho! Nani alikuwa anafungua sauti zangu?"

"Mi." Mama alijishusha taratibu kwenye kizingiti. "Moubarak alinionyesha pa kugusa."

"Mulimuzika kaka yangu, na mi niko sokoni napima lesi!"

"Ungerudi, ungekuta nini? Sisi hatuweki maiti, mwanangu. Ungekuta udongo, na safari yake ingekufa pamoja naye." Akafikicha pindo la kanga. "Mwenyewe aliniambia: mutu akiwa safarini, nyumba isimufuate na kilio."

Fatouma hakujua kama Mohamadi aliyasema kweli maneno hayo, au mama alikuwa ameyashona mwenyewe kwa uzi wa huruma. Hakuuliza. Alipita kando yake kama anayepita kando ya kaburi la mtu asiyemjua, akajifungia chumbani.

Asubuhi yake mizigo ilikuwa bado imefungwa pale ilipowekwa. Jirani yao Lisette alikuja kuchukua sufuria lake, akamkuta Fatouma ameketi uani, macho makavu. Akaliweka sufuria chini.

"Umemusemesha mama yako?"

"Apana."

"Mi nilikuwa hapa," Lisette alisema. "Simu yako ilipolia siku ile, walikuwa ndani wanamuosha kaka yako. Mama yako alijifuta uso kwa kanga, akakohoa, akakohoa tena, mpaka sauti ikakaa sawa. Ndipo akapokea. Alipomaliza tulimushika asianguke. Na zile sauti zako, alikuwa anaingia peke yake na kufunga mlango. Tulikusikia we unacheka. Yeye hatukumusikia."

Alijitwika sufuria, akaenda zake.

Fatouma aliketi pale muda mrefu. Alikuwa ameikumbatia hasira yake usiku kucha kama mtoto mchanga, na sasa aliona kwamba katika nyumba hii yeye peke yake ndiye aliyepewa ruhusa ya kucheka, na kwamba ruhusa hiyo ilikuwa imelipiwa na mtu mwingine.

Akaingia chumbani kwa mama. Khadidja alikuwa amelala ameelekea ukutani, blanketi hadi shingoni. Fatouma akasimama mlangoni.

"Kule kuna baridi?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Baridi sana, mama."

Jua lilikuwa limeshapanda, mabati ya paa yakaanza kulia kwa joto. Mama akasogea ukutani, akainua upande mmoja wa blanketi.

Fatouma akavua viatu.